Sahani ya harusi huanzia Barabara ya Morogoro

Mwalikwa wa harusi Dar es Salaam hukutana na chakula saa nne usiku, kikiwa kimepangwa kwenye meza ndefu yenye vitambaa vyeupe, vyombo vinang'aa na moto mdogo unawaka chini yake. Asichokiona ni kwamba chakula hicho kimekwisha kuzunguka mji kwa siku mbili au tatu. Kuku walitoka Shekilango, ndizi Mabibo, mchele Tandale, viungo Kariakoo. Ukiyatazama maeneo hayo kwenye ramani, yote yako kando ya Barabara ya Morogoro au hatua chache kutoka hapo, na mtu mwenye nauli ya mwendokasi anaweza kuyapitia kwa asubuhi moja.

Familia nyingi hazifanyi safari hiyo. Hukutana na mpishi ofisini kwake, hupewa karatasi yenye vyakula kumi na tano na bei ya sahani moja, huomba punguzo, hupeana mikono. Wale wachache wanaozunguka kabla ya kukaa na mpishi hurudi wakijua bei ile imejengwa na nini, na hujua pa kupunguza bila kupata aibu.

Aibu si neno dogo hapa. Harusi ya mji huu hujengwa kwa michango. Miezi mitatu au minne kabla ya siku yenyewe huundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kadi huanza kusambazwa kwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake bwana harusi na watu aliosoma nao miaka kumi iliyopita. Aliyechanga hupewa mwaliko, singo au dabo kama mji ulivyozoea kuita kadi ya mtu mmoja na ya watu wawili. Kwa hiyo anapoingia ukumbini si mgeni wa kukaribishwa tu, ni mtu aliyekwisha lipa. Akifika mezani akakuta sufuria zimekwanguliwa, hatasema chakula kilikuwa kitamu ila kiliisha. Atasema kamati imekula hela. Mama wa bwana harusi atayasikia hayo wiki nzima, na siku atakapopita tena na kadi za mtoto wake wa pili, nyuso zitakuwa zimebadilika.

Kadi na midomo

Ndiyo maana mpishi mzoefu haanzi na orodha ya vyakula. Huanza na hesabu, na mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shangazi, watu wangapi?"

"Kadi mia tatu, baba."

"Hizo kadi, shangazi. Midomo mingapi?"

Hapo ndipo kamati nyingi hujikwaa. Kadi 300 zikiwa na dabo 120 ndani yake, tayari ni watu 420. Bado hajahesabiwa mshereheshaji na watu wake wa muziki, wapiga picha na wa video, wapiga matarumbeta, wapambaji waliokesha wakifunga vitambaa, walinzi wa getini, madereva waliowaleta wazee kutoka mkoani, na kamati yenyewe, ambayo hukimbia huku na huko tangu asubuhi na saa tano usiku hukumbuka kwamba haijala. Wote hao hufika 40 bila shida. Kisha kuna watoto, ambao kadi haiwataji lakini huja, na kuna wazamiaji, vijana waliovaa vizuri ambao kila upande hudhani ni wa upande mwingine.

Ni kweli pia kwamba wapo waliochanga wasiofika, hasa walio mikoani. Familia hupenda kuamini kwamba hawa watafidia wale. Mpishi hapendi kuamini hivyo, na ana sababu. Wasiofika hawajulikani mpaka usiku wenyewe, wakati wapiga matarumbeta wanajulikana tangu leo.

Sahani ikiwa shilingi 15,000, watu 40 waliosahaulika ni shilingi 600,000. Ni bora fedha hiyo ijadiliwe kikaoni kuliko saa nne usiku nyuma ya ukumbi, mweka hazina akiwa na suti na jasho.

Huyo mweka hazina ana tatizo lake jingine. Daftari lake lina safu mbili, ahadi na taslimu. Kamati hupanga chakula kwa kutazama safu ya ahadi, kwa kuwa ndiyo ndefu. Lakini muuza kuku hapokei ahadi, wala muuza mchele. Mpishi anayedai sehemu kubwa ya malipo kabla ya siku ya sherehe mara nyingi haoneshi tamaa. Anajua kwamba Alhamisi na Ijumaa atatembea sokoni na noti mkononi, na kwamba baada ya harusi watu wa kamati huwa wagumu kupokea simu.

Kutoka Shekilango kwenda mjini

Soko la kuku la Shekilango linasikika kabla halijaonekana. Kuku wa kienyeji hufika kwenye matenga kutoka Singida na mikoa mingine ya bara, na wa kisasa huletwa kutoka mabanda ya pembezoni mwa jiji. Hapa ndipo mtu hujifunza kwamba maneno "kuku wa kukaanga" kwenye karatasi ya bei hayasemi lolote. Kuku mmoja hukatwa vipande vinane, wengine hukata kumi. Kwa watu 460, kipande kimoja kila mtu kwa mkato wa nane ni kuku 58. Vipande viwili ni kuku 115. Wapishi wawili wanaweza kuandika neno lile lile kwa bei zinazopishana sana, na yule wa bei nafuu asiwe mwongo hata kidogo. Ni vipande tu. Familia iandike kwenye makubaliano: vipande vingapi kwa mtu, na kuku mmoja akatwe mara ngapi.

Shangazi huwa anataka kienyeji. Ladha yake haina mshindani, hilo hakuna mpishi atakayelibishia, lakini kuku 100 wa kienyeji hawalingani umri, na katika sufuria moja huyu atalainika wakati yule bado anavutana na meno. Njia inayotumiwa na wengi ni kuweka kienyeji wa mchuzi kwa meza kuu na wazee, na wa kisasa au chotara kwa ukumbi mzima. Kuna wageni watakaoona wamebaguliwa. Wapo kila harusi.

Kituo kinachofuata ni Urafiki, pa kushukia kwa anayekwenda Mabibo kwenye soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi. Malori hushusha mikungu kutoka Kilimanjaro, Mbeya na Kagera, na mtu asiyejua ndizi hupotea hapo. Mshare ni wa kupika na nyama au kutengenezea mtori. Mzuzu ni wa kukaanga. Bukoba ana wenyewe, na wenyewe wakiwa ndio upande wa bibi harusi, ndizi nyingine haitapita.

Hapa mazungumzo na mpishi hugeuka kuwa mazungumzo ya mikoa. Upande mmoja umetoka Moshi na unataka ndizi nyama na ndafu. Upande wa pili ni wa Tanga, na harusi isiyo na pilau kwao ni kikao. Mpishi mwerevu husikiliza nani anazungumza na nani amenyamaza, maana aliyenyamaza kikaoni ndiye atakayesema ukumbini. Ndafu, yule mbuzi mzima aliyebanikwa na kupambwa, zamani ilikuwa alama ya harusi ya Kichaga na leo inaonekana hata kwenye harusi za watu ambao hawajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro. Si kosa. Lakini mbuzi mmoja hawezi kuwa kitoweo cha watu 460, na kamati isimhesabu kama nyama. Gharama yake iandikwe pamoja na keki.

Kutoka Manzese, ukiingia ndani kidogo, ndipo Tandale, kwenye soko la nafaka. Magunia yako wazi, mikono inaingia na kutoka, kila mtu ananusa. Mchele wa Kyela una harufu na jina, na kwa wali mweupe jina hilo linastahili. Kwa pilau ya sufuria kubwa, mpishi huuliza jambo jingine kwanza: ni mpya au wa zamani? Mchele uliovunwa karibuni hushika maji vibaya na kugandamana. Uliokaa ghalani hunywa maji zaidi na punje zake hubaki zimeachana. Muuzaji anayechanganya aina mbili kwenye gunia moja anamharibia mpishi, kwani punje moja itaiva na nyingine itabaki na kiini.

Kwa hesabu ya gramu 100 za mchele mkavu kwa mtu, watu 460 wanahitaji kilo 46. Kipimo hicho kinatosha endapo kuna chakula kingine pembeni, na kwenye harusi kipo, tena kwa wingi kupita kiasi. Karatasi nyingi za bei huweka pilau, wali mweupe, ndizi, chipsi, tambi na viazi kwenye meza moja. Mgeni huchota kijiko cha kila kimoja, sahani inajaa wanga kabla hajafika kwenye nyama, na nusu yake hubaki mezani. Pilau nzuri na ndizi nzuri zinatosha. Kinachookolewa kiongezwe kwenye kuku, na hakuna mtu atakayerudi nyumbani akilalamikia tambi.

Basi huendelea kupita Magomeni, kisha hushuka bonde la Msimbazi pale Jangwani. Anayepanga harusi ya Machi, Aprili au Mei asipite hapo bila kutazama. Masika yakikaza, bonde hufurika, barabara hufungwa na mabasi husitishwa. Mpishi mwenye jiko lake upande wa Magomeni na ukumbi ukiwa upande wa mjini anaweza kujikuta na sufuria za pilau ng'ambo ya maji. Swali la njia ya pili huonekana dogo mwezi Januari. Kwa harusi ya masika, liwe kwenye makubaliano, au jiko lihamishiwe kwenye uwanja wa ukumbi wenyewe.

Kariakoo ni mwisho wa safari na mahali ambapo fedha ndogo hufanya kazi kubwa. Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, wafanyabiashara wakatawanyika, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza. Mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga na binzari nyembamba ni sehemu ndogo sana ya bajeti ya harusi. Bado kuna wapishi wanaobana hapo hapo, wakanunua viungo vilivyokwisha sagwa ambavyo havijulikani vimechanganywa na nini. Pilau yao huwa na rangi, harufu haina. Shangazi anayeomba kuona viungo vikiwa vizima hasumbui mtu.

Nyama haiko kwenye barabara hii. Ng'ombe huuzwa mnadani Pugu, kupita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, na huchinjwa Vingunguti. Ukumbi wa Dar es Salaam una Waislamu na Wakristo kwenye meza moja, na familia isiache jambo la nani amechinja kwa matumaini, kwa ng'ombe, kwa kuku wala kwa yule mbuzi wa ndafu. Mpishi aulizwe waziwazi. Na kama kuna kitimoto kwa ajili ya meza fulani, kipikwe kwa masufuria yake, kwa miiko yake, mbali.

Samaki wa Feri ni hadithi nyingine. Wapo wazuri, mnada wake wa alfajiri unafaa kutazamwa hata na asiyenunua, lakini samaki wa kukaanga aliyekaa saa mbili kwenye chombo cha moto ni adhabu. Familia ya pwani inaweza kuweka samaki wa nazi kwa wazee wachache. Wengine wamwache baharini.

Uani kwa mpishi

Desturi imeingia ya familia kuitwa kuonja. Hupikiwa sahani nne, hula, husifu, hulipa. Lakini pilau ya watu wanne si pilau ya watu mia nne, na anayeweza kuipika ile huenda hajawahi kuisimamia hii. Namna bora ni kumwomba mpishi ruhusa ya kufika kwenye kazi yake nyingine Jumamosi moja, saa tisa alasiri, upande wa jikoni. Hapo huonekana kama maji yapo ya kutosha, kama wanaokata kachumbari wamenawa, kama nyama mbichi imewekwa kivulini au juani, na kama anayekoroga pilau ni yule yule mliyekutana naye ofisini. Sufuria kubwa ikishakauka maji na makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, mpishi wa kweli hukaa karibu nayo. Hatazami simu.

Magomeni, Ilala na Temeke bado wako wapishi wa namna ya zamani, wanaotoa orodha badala ya bei ya sahani. Huandika mchele kilo kadhaa, nyama kadhaa, vitunguu, nazi, kuni, kisha familia hununua yenyewe na kumlipa ufundi wake. Siku ya kuamkia shughuli wanawake wa mtaa hukusanyika kuchambua mchele na kumenya vitunguu saumu, na nusu ya habari za ukoo husemwa hapo. Kwa shughuli ya watu 150 ya mtaani njia hii ni nafuu na chakula chake mara nyingi ni kitamu zaidi. Kwa ukumbi wa kukodi haifai sana. Wenye kumbi wengi wana masharti ya kuni na moshi, baadhi wana mpishi wao na hutoza ada ukileta wa nje, na hayo ni vizuri kuyajua kabla ya kulipia ukumbi.

Saa kumi na mbili ya kadi

Kadi husema saa kumi na mbili jioni. Wageni huanza kuonekana saa moja na nusu. Maharusi huingia saa mbili, pengine saa tatu kwa sababu ya foleni na picha za ufukweni. Halafu utambulisho wa koo mbili, keki, zawadi, nasaha. Mpishi aliyeambiwa "chakula saa mbili" alimaliza kupika saa kumi na moja, na sasa ni saa nne.

Hapa kuna hatari kubwa kuliko aibu. Chakula kilichopikwa kinapaswa kubaki na joto la nyuzi 60 au zaidi hadi kinapoliwa. Wali, nyama na kuku wakikaa vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, vijidudu huongezeka, na joto la Dar es Salaam huviharakisha. Saladi yenye mayonezi na kachumbari iliyokatwa mchana ndizo za kwanza kuharibika. Hotpoti nzuri husaidia, moto wa chini ya vyombo husaidia, lakini kinachosaidia zaidi ni kumkalisha mpishi na mshereheshaji kwenye kikao kimoja. Wapange chakula kitangulie hotuba, nao wazee waliozoea kutoa nasaha ndefu wataitoa watu wakiwa wameshiba. Mpishi naye apike kwa mafungu mawili, kuku wa mwisho akatoka kwenye mafuta maharusi wakiwa getini.

Foleni nayo ina hesabu yake. Mtu mmoja akitumia sekunde 15 mbele ya vyombo, watu 460 kwenye mstari mmoja watachukua karibu saa mbili. Mistari minne huwamaliza kwa nusu saa. Kwa hiyo kuuliza "una wahudumu wangapi na meza ngapi" kuna maana kuliko kuuliza kama kutakuwa na aina ya tano ya juisi. Nyama na kuku viwekwe mwisho wa mstari, na nyuma yake asimame mhudumu mwenye koleo, mtu mwenye tabasamu na mkono usioyumba. Kila mtu akijipakulia kuku mwenyewe, meza ya arobaini itakula pilau na mchuzi.

Kinachobaki kijadiliwe mapema. Chakula kilichokwisha kulipiwa ni cha familia, lakini saa saba usiku hakuna anayekumbuka, na wanaobeba huwa ni wengine kabisa. Mtu mmoja ateuliwe, aje na vyombo vyenye vifuniko kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na achukue kile tu kilichobaki kwenye moto. Cha mezani kimwagwe.

Mpishi huhesabu sahani na vijiko usiku ule ule, akiwa na mtu wa kamati kando, na kilichopotea huingia kwenye malipo ya mwisho. Wiki moja au mbili baadaye kamati hukutana kusoma hesabu na kujivunja rasmi. Hapo nao hula, kwa desturi. Mpishi haitwi. Huwa ni nyama choma na ndizi, kwa idadi ya watu waliomo kikaoni.